Aliyesikiliza Magoti Yetu

Tulipoanza kuruka, Profu alifumba macho. Wasichana kumi na wawili tuko hewani, wapita njia wameegemea ukuta wakituangalia miguu, na kocha wetu, mtu pekee aliyepaswa kuangalia, ameketi juu ya bidoni ya njano, dumu la maji, macho yamefungwa, kichwa kimelala upande kama mtu anayesubiri redio ishike. Tukatua. Akanyoosha kidole bila kufumbua macho.

"Kuko mutu alianguka kama mufuko ya simenti. Ni nani?"

Alikuwa anajua ni nani. Alitaka tu mhusika ajitaje. Mara nyingi nilikuwa mimi, kwa sababu nilitaka kuruka juu kuliko wote na sikufikiria nitashukaje.

"Kupanda, kila mutu anajua," alisema. "Nionyeshe kushuka."

Kushuka kwake kulikuwa hivi: miguu miwili kwa pamoja, magoti yamekunjwa na kutazama mbele, yasigongane kama watu waliolewa, na nyayo zifike chini kimya kiasi kwamba mtoto aliyelala pembeni asiamke. Kutua kwa kelele kulikuwa kosa kubwa kuliko kukosa kikapu. Ukikosa kikapu hakusema kitu. Ukitua kwa kishindo, aliishika filimbi.

Sitaandika jina lake. Mtaani Mabanga, hapa Goma, kila mtu alimwita Profu, kwa sababu alifundisha michezo katika shule ya sekondari kabla ya kutufundisha sisi, timu ya basketi ya wasichana. Nikianza kutafuta jina lake, familia yake na mahali alipozaliwa, nitataka kila kitu kiwe sahihi, na mimi nikishaanza kutaka usahihi siwezi kumaliza ukurasa. Mwanzo huu nimeuandika mara tisa. Nilijifunza kuandika peke yangu kama nilivyojifunza karibu kila kitu, kwa kufuta. Kwa hiyo nitasema yale niliyoyaona tu, na nitayasema nikiwa na hasira, maana nimengoja hasira hii iishe ili niandike vizuri, na haiishi.

Watu walimcheka. Walisema amezeeka, analala mazoezini. Muuza kadi za simu mmoja alikuwa akipaza sauti kutoka ukutani: "Muzee, amuka! Mechi imekwisha, watu bameenda kulala!" Wenzake wakapiga makofi. Profu hakumjibu hata siku moja. Mimi ndiye niliyetamani kumrushia jiwe, na mawe kwetu hayakosekani. Katika wote waliocheka hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza kwa nini misimu mitatu ilipita bila msichana wetu kuvunjika. Timu nyingine zilikuja uwanjani na watu wa magongo. Sisi tulikuja na mafagio.

Niseme habari ya mafagio. Uwanja wetu ulikuwa saruji iliyomwagwa juu ya mawe ya volkano, nyuma ya ukuta wa shule. Saruji ilipasuka zamani, na kwenye nyufa jiwe jeusi lilichomoza. Kila siku magari na upepo vilituletea changarawe ndogo, nyeusi, ya mviringo. Ukiikanyaga ukiwa mbioni, mguu unakwenda kwake na wewe unakwenda kwako. Kwa hiyo mazoezi yote yalianza kwa kufagia. Ufagio wenye mti mrefu aliukataa. Alileta mafagio mafupi ya nyasi, yale ambayo mama zetu hufagilia uani, akatupanga mstari mmoja. Hatua ndefu, goti chini, fagia kulia. Hatua nyingine, fagia kushoto. Tulikwenda na kurudi mara nne. Uwanja ulipokuwa safi, sisi tulikuwa tumelowa jasho, mapaja yanawaka, viungo vimefunguka.

Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba kule kufagia ndiko kulikuwa kupasha mwili moto. Hakutueleza! Hilo nalo linaniudhi mpaka leo. Angetueleza, tungeweza kumtetea. Lakini yeye aliona maneno yanapoteza muda, na akatuacha twende nyumbani tukiwa na vumbi jeusi usoni bila jibu la kuwapa wazazi.

Siku moja mama wa mwenzetu alikuja uwanjani, kitenge amekifunga kwa nguvu kama mtu anayekwenda kupigana.

"Profu, mutoto yangu nilimutuma kucheza basketi. Sikumutuma kukuwa boyi yako."

"Mama, ule mpira ni ya kufurahisha macho tu," Profu alisema. "Basketi yenyewe ni ufagio."

"Unanicheka?"

"Sikucheki, mama. Acha mutoto amalize mustari yake."

Yule mama alimshika binti yake mkono akaondoka naye. Kila mmoja wetu alikuwa na ufagio wake, umefungwa kipande cha kitambaa kwenye mshikio ili tusibadilishane. Wangu ulikuwa na kipande cha kitenge cha zamani cha mama yangu, chenye samaki wa buluu. Ufagio wa yule mwenzetu Profu aliuweka ndani ya mfuko wake. Msichana mpya alipokuja wiki iliyofuata, alimtengenezea mwingine. Ule wa zamani hakupewa mtu.

Salamu yake haikuwa "jambo" wala "habari". Ilikuwa: "Ulikula nini? Ulilala saa ngapi?" Ulipaswa kujibu kweli. Ukisema hujala tangu asubuhi, unaketi. Nilimchukia kwa hilo. Kuna nyumba Mabanga ambako chungu hupanda jikoni mara moja tu, jioni. Ni haki gani kumketisha msichana kwa sababu ya chungu cha kwao? Nilimwambia hivyo, mbele ya wote. Alisema, "Mutu wa njaa anaangukaka vibaya," akageuka. Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira. Mazoezi yaliyofuata alikuja na viazi vitamu vya kuchemsha ndani ya mfuko uleule wa mafagio, akaviweka juu ya bidoni, akaondoka kwenda kukagua nyufa za saruji mpaka tulipomaliza kula. Vilikuja kila mara tangu siku ile.

Na maji. Bidoni aliyoketi juu yake ilikuwa imejaa maji yaliyochemshwa kwake. Kila baada ya muda alisimama, na sisi tulijua kusimama kwake ni kunywa. Hakukubali mtu anayesema hana kiu. "Kiu inafikaka nyuma," alisema, "kama muzazi anasikiaka habari mwisho."

Lakini ugomvi wake mkubwa ulikuwa na maji ya moto. Mtu akiteguka mguu kwetu, kitu cha kwanza ni sufuria. Mama anachemsha maji, anatia chumvi, anachovya kitambaa, anakanda. Anavuta mguu ule mpaka ulie. Usipopiga kelele, anaona hajakanda vizuri. Jirani naye anakuja kuvuta upande wake. Kesho yake mguu umekuwa kama ndizi ya kupika, na watu wanasema ulikuwa umeumia sana, ndiyo maana. Hakuna anayesema: tumeuharibu sisi.

Profu alikimbia, namaanisha alikimbia kabisa mitaani, ingawa nyonga yake moja ni mbovu, kumuwahi msichana kabla hajafika kwao kwenye sufuria. Barafu hatukuwa nayo. Alichokuwa nacho ni vile vimfuko vya jusi iliyogandishwa vinavyouzwa barabarani. Alivinunua vitatu, akavifunga kwa kitambaa, akavilaza juu ya kifundo cha mguu, akauweka mguu ule juu ya bidoni, juu kuliko kiuno. "Baridi kwanza. Siku mbili, tatu, hapana kukanda, hapana kuvuta. Kisha utaanza kuutikisa pole pole, wewe mwenyewe." Jusi ikishayeyuka, mgonjwa aliinywa. Nina hakika wawili kati yetu waliteguka kwa uongo ili wapate jusi, na nina hakika alijua.

Akina mama walikasirika. Mama yangu alisema, "Baridi inaingiaka mu mufupa. Ule muzee atakuletea rimatisi ya viungo." Walimwamini jirani ambaye hajawahi kufunga hata kidonda kuliko mtu aliyetumia maisha yake kuangalia miguu ya watoto wao. Ninasema "walimwamini" kana kwamba mimi sikuwemo. Mwaka wa kwanza nilikandwa kwa siri, nikamdanganya.

Sasa upande wake mwingine, kwa sababu sitaki kumfanya mtakatifu. Mtu huyu ambaye hakuruhusu msichana yeyote aruke kabla ya kufagia alipanda pikipiki ya kukodi bila kofia, amebanwa katikati ya dereva na abiria mwingine, mafagio kumi na mawili begani, akishuka mteremko kwa kasi. Alitukagua soli za viatu kila Jumatatu kwa kidole gumba, na viatu vyake mwenyewe vilifungwa kwa kamba ya mpira wa tairi. Nyonga yake iliharibika zamani, alipokuwa akicheza, na aliendelea kucheza juu yake. Nilimuuliza kwa nini.

"Walikuwa wananipigia makofi," alisema.

"Na sasa?"

"Sasa nyonga inauma, na wale ba makofi sijui bako wapi."

Pia alikuwa mkali bila sababu. Hakusifu. Katika misimu mitatu aliniambia neno zuri mara moja tu: nilitua, akafumbua macho, akauliza, "Uliruka kweli?" Nililala na maneno hayo wiki nzima. Msichana kama mimi, anayerudia jambo mpaka usiku uingie ili asionekane na kosa, alihitaji zaidi ya hapo. Au labda alijua kwamba nikipewa zaidi nitataka zaidi.

Alikuwa na sentensi moja aliyoirudia mpaka tukaichoka: "Goti si ya timu, si ya Prezida. Goti ni yako." Prezida alikuwa mwenyekiti wa timu yetu, mfanyabiashara wa mabati, ndiye aliyetununulia jezi. Alikuwa na kicheko kikubwa na alipenda kutuita "ba simba yangu". Alikuja kwenye mechi, si kwenye mazoezi. Wakati wa kufagia hakuwahi kuuona.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Timu ya wasichana kutoka Bukavu ilikuwa inakuja kwa boti, na Prezida alikuwa amewaambia watu wote waje kuangalia. Watachaguliwa wa kuchezea mkoa, alisema. Wiki tatu kabla ya siku hiyo niliumia goti la kushoto. Nieleze ukweli wa namna nilivyoumia, maana hili pia nililificha: sikuumia mazoezini. Nilikwenda uwanjani saa sita mchana, peke yangu, nirukie mpira mara mia moja ili niwe bora kuliko wote. Sikufagia. Mara ya sitini hivi, changarawe ilinipokea.

Goti likajaa. Profu alilishika kwa viganja viwili kama mtu anayepima embe, akalikunja kidogo, akalikunjua, akaniangalia usoni badala ya kuliangalia goti.

"Wiki sita," alisema. "Labda zaidi. Nenda hospitali walipige picha."

"Mechi iko baada ya wiki tatu."

"Basi utaiangalia muzuri. Utakaa karibu yangu."

Alikuwa na kipimo chake cha kurudi uwanjani: uruke kwa mguu ulioumia peke yake mara kumi, yeye akiwa amefumba macho, bila kusikia kitu. Hakuna aliyerudi bila kipimo hicho. Mimi sikufika hata mara mbili.

Siku moja kabla ya mechi, Prezida alikuja nyumbani kwetu. Alikaa kwenye kiti cha baba. Alikuja na kijana mwenye duka dogo la dawa, ambaye alikaa mlangoni na mfuko mdogo mapajani.

"Mama," Prezida alimwambia mama yangu, "huyu si mutoto yako tu. Ni mutoto ya Goma. Bukavu banakuja kutucheka."

"Profu alisema wiki sita," nilisema.

"Profu!" Alicheka mpaka kiti kikalia. "Profu ni muoga. Anapendaka ba bibi wafagie. Wewe uko simba ao uko ufagio?"

Mama aliniangalia. Sitamlaumu. Alikuwa anasubiri nikatae, na ningekataa angesimama na mimi, nina hakika. Nilinyoosha mguu. Sindano ya kuua maumivu ilichomwa. Tulikubaliana irudiwe asubuhi.

Asubuhi, baada ya sindano ya pili, goti lilikuwa kama la mtu mwingine, nililoazimwa. Nilifika uwanjani natembea sawa. Profu alinijia.

"Umeruka mara kumi?"

"Nimeruka nyumbani."

"Na kelele?"

"Hapana, Profu."

Alinipa ufagio wangu. Tukafagia, watu wa Bukavu wakishangaa, wakichekana wao kwa wao. Kisha tukaruka kupasha mwili. Profu alifumba macho kwenye bidoni yake. Nilitua. Akafumbua macho ghafla, akaniangalia kwa muda mrefu, akasimama. Nilimwona akivuka uwanja na nyonga yake mpaka kwa Prezida chini ya mwavuli. Walizungumza. Prezida alicheka, akampiga begani mara mbili, akamwonyesha bidoni. Profu akarudi akaketi. Nilidhani wamezungumzia maji.

Nilicheza kipindi cha kwanza kama sijawahi kucheza. Watu waliita jina langu. Katika kipindi cha pili nilirukia mpira uliogonga chuma, niliupata, nilishuka nao, na goti langu likaenda upande ambao goti haliendi. Sikusikia maumivu. Dawa ilifanya kazi yake vizuri. Nilisimama tena! Nilisimama nikacheza dakika nyingine mbili juu ya goti lililokatika ndani, na watu walipiga makofi. Nilipoanguka mara ya pili sikuweza kusimama.

Wiki iliyofuata kamati ya timu ilikutana katika darasa moja la shule ile. Nilikaa mguu ukiwa juu ya dawati, mama kando yangu. Prezida alisema mbele ya wazazi wote kwamba wasichana wanachoka kabla ya mechi kwa sababu ya mazoezi ya kizamani ya kuinama na mafagio, kwamba goti langu lilikwisha kabla ya mpira kuanza. Wazazi walitikisa vichwa. Yule mama wa kitenge, aliyekuja japo alishamtoa binti yake, alisema, "Nilisema! Si nilisema?" Sindano haikutajwa. Kisha Prezida, ambaye alikuwa ameahidi kunipeleka Kigali nikatengenezwe goti, aliniuliza kwa sauti ya upole:

"Binti yangu, siku ile Profu alikuchosha?"

Profu alikuwa amesimama karibu na ubao, mfuko wa mafagio miguuni.

Nilisema ndiyo.

Sijui niliandike vipi neno hili ili liwe dogo. Nimejaribu kulizungushia sababu: nilikuwa na miaka kumi na saba, niliogopa, nilitaka Kigali. Sababu zote ni za kweli na hazilipunguzi. Profu aliuchukua mfuko wake, akatoka. Hatukupelekwa Kigali. Prezida aliacha kupokea simu ya mama kabla ya mwezi kwisha, na mwaka uliofuata alikuwa akidhamini mpira wa miguu wa wanaume. Anaposimama kanisani watu wanampisha.

Miaka minne nimejifunza goti peke yangu. Nilipata kitabu cha viungo vya mwili kilichonakiliwa, kurasa nyingine hazipo, na mchana nilitazama video za mazoezi kila nilipopata umeme na megabaiti. Nimeimarisha paja mpaka daktari alishangaa. Natembea, napanda ngazi, nakimbia polepole asubuhi. Sijaruka. Daktari alisema naweza kuanza kidogo kidogo, na ni zaidi ya mwaka tangu aseme. Nasimama chumbani, nakunja magoti, nahesabu moja, mbili, na miguu inakataa kutoka sakafuni.

Mwezi uliopita nilikuwa nimetumwa na mama kwenye mashine ya kusaga mahindi, kule ndani ya Mabanga ambako siendi mara nyingi. Nilisikia kabla ya kuona. Mafagio, mengi, kwa pamoja: kulia, kushoto. Niliacha mfuko wa mahindi kwenye foleni nikafuata sauti. Nyuma ya mashine kulikuwa na sakafu ya saruji ya kuanikia nafaka, chuma cha kikapu kimefungwa kwenye nguzo ya mti, na wasichana wanane wadogo wanakwenda mstari mmoja, goti chini. Profu alikuwa juu ya bidoni. Amekonda. Nywele zimekuwa nyeupe zote.

"Ulikula nini?" aliniuliza, kana kwamba nilitoka jana.

Nilikuwa nimeitayarisha hotuba miaka minne. Nilikuwa nimeipanga vizuri, na yote ilipotea. Nilisema tu, "Profu, walinichoma sindano. Nilikudanganya. Na kule darasani nilidanganya."

"Minajua."

"Unajua nini?"

"Sindano. Nilisikia." Alionyesha sikio lake. "Goti yenye kuuma inatuaka na woga. Ile siku ulitua bila woga. Ulitua muzuri sana. Nikasema, ah, huyu mutoto hasikie mguu wake."

Wasichana walikuwa wameacha kufagia.

"Ulijua kabla ya mechi?"

"Nilimuambia Prezida. Aliniambia: ikala ku bidoni yako."

"Na wewe?"

"Niliikala."

Sijawahi kumpigia mtu mzima kelele kama nilivyompigia. Nilimwambia alikuwa na filimbi shingoni! Nilimwambia angeweza kupiga filimbi, angeweza kunishika mkono mbele ya watu wote, angeweza kubeba mpira akaenda nao kwake. Miaka yote ile ya goti si ya Prezida, goti ni yako, na siku Prezida alipolitaka, alimpa kwa neno moja! Nilimwambia miaka minne nimelala na "ndiyo" yangu kama mwizi, na kumbe yeye alikuwa na yake. Msichana mmoja mdogo alianza kulia. Yule mwenye mashine alichungulia.

Profu hakujitetea. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Watu walikuwa wanapiga makofi," alisema. "Nilisikia makofi, nikaogopa kuyazima. Kosa lilelile, mara mbili. Kwanza nyonga yangu, kisha goti yako. Ile yako darasani ilikuwa ya mutoto. Yangu ilikuwa ya mutu mukubwa."

Hasira haikunitoka. Ningependa kuandika kwamba ilinitoka. Nilivua kandambili, nikasimama katikati ya saruji yake, peku, nikakunja magoti.

"Basi fumba macho," nilisema. "Usikilize ulichofanya."

Alisimama upesi kuliko nilivyodhani nyonga ile inaweza.

"Wewe! Hapana!" Ilikuwa sauti ile ya zamani, na safari hii mkono wake ulikuwa umenishika bega kabisa. "Utaruka mwili baridi? Peku? Haujafagia!"

Msichana mmoja akacheka, kisha wote. Mimi sikucheka. Profu aliniombea viatu kwa mkubwa wao, vilinitosha kwa kubana. Kisha akainama kwenye mfuko wake, akatafuta chini kabisa, akatoa ufagio. Nyasi zilikuwa mpya, zimekatwa juzi au mwezi uliopita. Kwenye mshikio kulikuwa na kipande cha kitenge kilichofifia, chenye samaki wa buluu.

Niliuchukua bila kusema asante. Wasichana walinipisha mwanzo wa mstari. Hatua ndefu, goti chini, kulia. Goti la kushoto liliuma kidogo, uchungu wangu mwenyewe, nilioujua. Nilikwenda na kurudi mara nne, na hasira yangu yote nilifagia nayo, mpaka changarawe ya mwisho ikafika ukutani na jasho likanishuka mgongoni.

Nilipogeuka, alikuwa ameshaketi kwenye bidoni, kichwa kimelala upande, macho ameyafumba.